Mbeleko ya Pete Mbili

Kila siku saa kumi na moja jioni Prisca alirudi nyumbani Kimandolu, maziwa yamemjaa kifuani mpaka yanauma, na kila siku mama mkwe wake alimpokea mlangoni kwa maneno yale yale.

"Kaoge kwanza, mama Penina. Unanuka josho."

Haukuwa uongo. Prisca alikuwa na diploma ya mifugo. Serikali ilipoacha kuajiri mabwana na mabibi mifugo hakukaa kulia; alikodi chumba kimoja Tengeru, akaweka kaunta na rafu, akafungua duka la dawa za mifugo. Kutwa nzima alishinda akipima dawa za josho za kuua kupe, na za minyoo, na harufu ilimganda hadi kwenye nywele. Lakini kuoga, kujifuta na kubadili nguo kulikula nusu saa, na nusu saa hiyo mtoto alikuwa mgongoni kwa bibi yake, amelala fofofo, shavu limebonyea kwenye khanga iliyopauka, udenda unamtoka. Akiamka alinyonya harakaharaka kama abiria anayekunywa chai stendi, kisha akageuza shingo kumtafuta bibi.

Mtoto alikuwa na miezi minane. Aliitwa Penina, jina la bibi yake mzaa baba, maana ndivyo mtoto wa kwanza wa kike anavyopewa jina. Kwa hiyo bibi alimwita "mwenzangu", na Eliud, mume wa Prisca, alimwita binti yake "mama". Eliud alikuwa dereva wa kampuni ya utalii. Siku hizo makampuni ya utalii yalikuwa yakiota Arusha kama uyoga, naye alishinda porini na wageni wiki kwa wiki. Akirudi, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama amekula? Mama amelala?" Na bibi alimjibu kwa niaba ya wote wawili. Prisca, sahani mkononi, aliwaza kwamba nyumba hii ina mama wawili, na yeye ni ng'ombe wao wa maziwa.

Watu husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sawa. Uchungu aliujua yeye. Utamu ulikuwa ukiliwa na mwingine.

Na alikuwa na aibu moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu: hakujua kubeba mtoto mgongoni. Kwao Machame alizaliwa wa saba na wa mwisho, na kitinda mimba hana mdogo wa kumbeba. Dada zake walibebana wao kwa wao, wakambeba na yeye, halafu yeye akapelekwa shule ya bweni, na kutoka hapo ikawa vitabu mpaka chuo. Aliweza kuingiza mkono tumboni mwa ng'ombe na kumgeuza ndama aliyekaa vibaya. Lakini kuinama, kumpandisha mtoto mgongoni, kumshikilia kwa kiwiko huku vidole vinatafuta ncha za khanga, hapo alishindwa. Alijaribu mara moja tu, mtoto akiwa na miezi mitatu. Penina aliteleza ubavuni kama samaki, akabaki ananing'inia kwapani, na kabla Prisca hajapiga kelele mama mkwe alikuwa ameshafika na mikono yake miwili.

"Lete," alisema mama mkwe.

Na kuanzia siku hiyo ikawa lete. Mtoto akilia, lete. Mtoto akikohoa, lete.

Siku moja ya Jumatano, siku ya soko Tengeru, Prisca alitoka dukani kutafuta nguo za mtoto kwenye mitumba. Mwuzaji aliyempenda alikuwa Namelok, mama wa Kimaasai mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, ambaye alifungua marobota yake chini juu ya turubai na kuipa kila nguo kazi yake, ajue asijue. Katikati ya mashuka Prisca aliona kitambaa kirefu cha buluu chenye mistari, na upande mmoja kimeshonewa pete mbili kubwa za chuma.

"Hilo taulo la bafuni," alisema Namelok. "La kizungu. Unajifunga, unatundika kwa pete."

"Taulo gani halinyonyi maji?"

"Basi ni pazia. Mama Penina, unanunua au unafanya mtihani?"

Prisca alizipima zile pete kwa vidole. Alikuwa amewahi kuona kitu kama kile. Pale Mnara wa Saa mjini, mwanamke wa Kizungu alivuka barabara na mtoto kifuani ndani ya kitambaa, kimepita bega moja tu, na mikono yake miwili ilikuwa huru, anakula ndizi. Mtoto alikuwa anamtazama mama yake usoni. Si mgongoni, ambako mtoto huona kisogo. Kifuani, uso kwa uso. Prisca aliisikia damu ikimpanda masikioni. Mtoto aliyefungwa namna ile atamtafuta bibi kwa macho gani?

"Nipe," alisema. "Bei ya pazia."

Yeye hakuwa mtu wa kujaribia kitu kwenye mtoto. Alifunga mlango wa duka, akachukua mfuko wa chakula cha vifaranga wenye uzito kama wa Penina, akavaa kile kitambaa. Akapitisha ncha kwenye pete moja, akavuta, akauweka mfuko. Alipiga hatua mbili. Mfuko ulishuka taratibu, ukafika kiunoni, ukaanguka puu, na pumba zikatapakaa sakafuni.

"Asante Mungu hukuwa mtoto," aliuambia mfuko.

Alikaa kwenye kigoda akazitazama zile pete. Kisha akakumbuka hatamu za chuoni, jinsi mkanda unavyopita kwenye pete zote mbili halafu unarudi juu ya moja na chini ya nyingine, na ng'ombe akivuta ndivyo unavyozidi kubana. Akafanya hivyo. Mfuko wa pili ulikaa. Aliruka nao, akainama kuokota kalamu, akahudumia mteja nao. Jioni akarudi nyumbani na kitambaa chini ya kwapa kama mtu aliyeficha cheti.

Jumamosi, siku nyingine ya soko, alitangaza wakati wa chai.

"Leo nakwenda na Penina dukani."

Mama mkwe alikuwa anamlisha mtoto uji. Kijiko kilisimama njiani. "Dukani kwenye madawa?"

"Nimefungua madirisha tangu jana. Dawa zote nimezipandisha juu."

"Utambeba na nini?"

Prisca akavaa mbeleko yake mbele yao, akapanga mikunjo begani, akamchukua mtoto akamketisha ndani, akavuta ncha. Ikakaza. Eliud, ambaye siku hiyo hakuwa safarini, alicheka mpaka chai ikampalia.

"Mke wangu, umekuwa kangaruu?"

"Kangaruu anajua mtoto wake yuko wapi," alisema Prisca.

Mama mkwe hakucheka. Alilizunguka lile jambo kama mnunuzi anavyomzunguka mbuzi. Akavuta pete. Akapapasa makalio ya mtoto. "Ataona nini humo?" aliuliza.

"Ataniona mimi."

"Haya," alisema bibi, na alivyolisema hilo haya, lilikuwa na tutaona ndani yake.

Hawakufika hata kona. Jirani yao Aika, mke wa fundi wa magari, alikuwa anafagia mbele ya geti lake. Alitupa ufagio chini. "Pole jamani, mama Penina! Mkono umefanyaje? Umevunjika lini?"

"Sijavunjika. Nimebeba mtoto."

"Yesu wangu, kumbe kuna mtu humo!"

Kutoka Kimandolu mpaka Tengeru alipewa pole za mkono saba. Mtoto, aliyekuwa kimya kwa mshangao, alianza kunung'unika walipofika sokoni, na dukani akaamua kusema yaliyo moyoni. Alilia. Alijipinda kama upinde, akasukuma kifua cha mama yake kwa ngumi zote mbili, akageuza shingo kushoto na kulia. Prisca alimpa ziwa, mtoto akalikataa. Alimwimbia, naye akaongeza sauti. Mzee Lesikar, mteja wake wa siku zote, aliyekuja kutafuta dawa ya minyoo ya mbuzi, alisubiri kwa heshima akiegemea fimbo yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mtoto ana nini?"

"Hana kitu. Anazoea."

Lesikar alisikiliza kidogo, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza pumzi ya ndama. "Huyu haumwi," alisema. "Huyu anamwita mtu."

Hakukusudia ubaya. Lakini neno hilo lilimwingia Prisca pale pale penye kidonda. Kabla ya saa sita, soko limejaa mpaka barabarani, wateja wamepanga foleni, alifunga duka akarudi nyumbani.

Mama mkwe alikuwa amesimama getini. Hakuwa anafagia, hakuwa anaongea na mtu. Alikuwa amesimama tu, na khanga ilikuwa tayari begani. Ndilo jambo lililomuuma Prisca kuliko kilio chote. Alikuwa anasubiri. Alijua.

"Lete," alisema.

Aliinama, mtoto akaruka huku na kutua kule, khanga ikazunguka, fundo likakaa juu ya matiti. Penina alivuta pumzi moja ndefu yenye kwikwi, akalaza shavu. Hawajafika mlangoni alikuwa amelala. Prisca alibaki nje na kile kitambaa cha buluu kimemning'inia tumboni, kitupu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani mtu mwingine ashindwe jambo. Alitamani kwa nguvu, kama mtu anavyotamani maji.

Usiku kucha aligeuza jambo hilo kichwani. Eliud alikuwa amelala. Jumatatu asubuhi, mumewe amekwisha ondoka kwenda kuchukua wageni, Prisca alizikusanya khanga zote za mama mkwe, zile mbili za kubebea na ile ya kuvaa ndani, akazitumbukiza kwenye beseni la maji na sabuni ya unga, akazikanyaga vizuri.

"Nimekuloanishia nguo, mama," alisema. "Zimekuwa na jasho. Leo mbebe kwa hii." Akaiweka mbeleko ya pete kitandani.

Mama mkwe alilitazama beseni. Akamtazama mkwe wake. "Asante," alisema.

Dukani Prisca hakuona alichouza. Alimpa mteja dawa ya kuku badala ya dawa ya ng'ombe, akamkimbilia njiani kubadilisha. Saa saba haikufika; alifunga. Njia nzima alikuwa akiisikia sauti ya mtoto akilia, na sauti hiyo ya kuwaza ilimpa faraja mbaya. Alikuwa ameshapanga na maneno: Pole mama, na wewe imekushinda?

Nyumba ilikuwa kimya. Khanga tatu zilikuwa kwenye kamba, zinadondosha maji. Alizunguka nyuma, kwenye migomba michache na banda la ng'ombe wao mmoja, akasikia panga. Mama mkwe alikuwa anakatakata shina la mgomba la kulisha ng'ombe, ameinama, na mgongoni mwake, ndani ya kitambaa cha buluu, Penina alikuwa amelala. Mbeleko ilifungwa kama khanga. Pete mbili zilining'inia ubavuni, zinagongana taratibu kila panga liliposhuka, ti, ti, ti.

"Amelala saa ngapi?" Prisca aliuliza.

"Tangu saa nne." Mama mkwe hakugeuka. "Kitambaa ni kitambaa. Hizo pete nimeziacha. Anazichezea."

Prisca alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliyaangalia yale maneno aliyoyabeba kutoka Tengeru, akaona hayana kazi. Akatafuta mengine.

"Mama, kahawa yako kule Nkoaranga anapalilia nani sasa?"

Panga lilisimama.

"Unanifukuza."

"Nauliza tu."

"Wewe si mtu wa kuuliza kwa kuzunguka. Mwenye duka husema bei. Sema."

Basi akasema. "Namtaka mtoto wangu."

"Nani amekunyima?"

"Wewe. Nikirudi, kaoge. Akilia, lete. Jumamosi ulinisubiri getini na khanga begani, unanisubiri nishindwe."

"Ndiyo," alisema mama mkwe. "Na leo wewe umeniloanishia nguo ili nishindwe mimi. Tumetoshana." Akaliegemeza panga kwenye mgomba. "Mama Penina, wewe hujui kubeba mtoto."

Prisca alihisi uso ukiwaka. "Umejua lini?"

"Kabla hata hajakuteleza. Mwanamke akipokea mtoto, mikono inasema. Mikono yako inapokea mtoto kama trei ya mayai."

"Na hukunifundisha. Miezi minane unakaa nyumbani kwangu, na hukunifundisha."

"Sikukufundisha."

"Kwa nini?"

Mama mkwe alijipangusa utomvu wa mgomba kwenye gauni. "Nilitaka anitake mimi." Alilisema wazi, bila kuinamisha uso. "Eliud nilimzaa mimi. Maziwa yangu. Mgongo ulikuwa wa mama mkwe wangu. Nyumbani kwetu mtoto wa kwanza alikuwa wa bibi. Mimi nilipewa jembe, nikapelekwa kwenye kahawa. Alipoanza kusema, 'mama' alimwita bibi yake. Mimi aliniita Penina. Watu walicheka, na mimi nikacheka, ningefanya nini? Wale wengine niliwabeba, ndiyo. Lakini wa kwanza ni wa kwanza."

Ng'ombe alitoa kichwa bandani kudai chakula chake. Hakuna aliyemjali. Huruma ilimjia Prisca, haikukosa kuja, lakini ilikuta kiti kimekaliwa. Alimwona yule msichana kwenye kahawa, matiti yanamvuja, akisikiliza mtoto wake akimwita mwingine mama. Na alichofikiri kwanza ni kwamba hilo halitampata yeye.

"Pole, mama," alisema. "Pole sana, kweli. Lakini huyu si Eliud. Na mimi mtoto wangu hataniita Prisca."

Mama mkwe alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Una roho ngumu."

"Nifundishe."

"Nikikufundisha nitabaki hapa kufanya nini?"

"Utabaki bibi. Saa za duka ni zako. Nikiingia getini, ni zangu. Bila kuambiwa kaoge."

"Na josho?"

"Nitaweka ndoo na sabuni dukani. Nitaoga kabla sijaondoka."

"Na akilia?"

"Akilia, alie na mimi."

Mama mkwe alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, kama mtu anayeuza ng'ombe anayempenda. Kisha akasema, "Kalete kitenge. Kile chako cha kanisani. Khanga zangu umeziua kwa maji."

Kitenge kilikuwa bado kigumu. Mama mkwe alimfungua Penina, mtoto akafumbua jicho moja.

"Inama."

Prisca akainama.

"Hapo hujainama, umesalimia. Inama mpaka mgongo uwe meza. Bado. Hivyo. Mtoto haangushwi na mgongo, anaangushwa na woga. Mshike makwapani, mpitishe juu ya bega. Usimhurumie! Gunia la mahindi unalibebaje? Haya. Miguu huku na huku. Bado usinyanyuke!"

"Anateleza, mama!"

"Hatelezi. Ni wewe unateleza. Mimi siwashiki, niko mbali, tazama miguu yangu ilipo." Na kweli, kupitia katikati ya magoti yake mwenyewe Prisca aliiona miguu ya mama mkwe, hatua tatu nyuma, imejipanda udongoni kama imezuiwa kwa kamba. "Kitenge juu. Kifunike makalio. Ncha chini ya makwapa. Vuta. Vuta, si shati hilo. Funga. Sasa inuka."

Akainuka. Uzito ukamshuka mgongoni, ukakaa. Joto la mtoto lilimpenya mpaka mbavuni. Halafu Penina akatambua kwamba kisogo alichokiona si kile anachokijua, akaanza kulia.

"Tembea," alisema mama mkwe.

Akatembea. Alipita kati ya migomba, akazunguka banda, akarudi. Mtoto alilia. Akamvuta nywele, akalia. Mzunguko wa tatu Prisca aliokota panga, akaanza kukata lile shina lililobaki, vibaya, huku akisikia kila pigo likimpita mtoto mgongoni. Kilio kikawa manung'uniko. Manung'uniko yakawa pumzi.

Alitupa jicho. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya ile ndoo. Mikono yake haikujua pa kwenda. Aliiweka magotini, akaitoa, akaikunja, akaishusha. Mgongo wake ulikuwa umeinama bado, umezoea mzigo ambao haupo. Prisca aliona yote hayo, na alifurahi. Alijua si furaha nzuri, na hakuirudisha.

Akaendelea kutembea. Shavu dogo lilikuwa limembonyea begani, na kitu chenye joto kilikuwa kinamlowesha gauni. Alijua udenda ule; kwa miezi minane alikuwa akiuona kwenye nguo ya mtu mwingine.

"Amelala?" aliuliza mama mkwe. Alikuwa ameshainuka nusu, mikono mbele, tayari kumpokea akamlaze kitandani.

"Bado," alisema Prisca, na akaanza mzunguko mwingine.